Mfumo unajua mifuko ni mingapi, baba mdogo anajua iko wapi

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tuna duka la jumla la vifaa vya ujenzi Nyakato, hapa Mwanza, na stoo kubwa nyuma yake. Tangu 2021 tunatumia programu ya stoki, ila kwa mambo ya msingi tu: mzigo ukiingia tunaandika, ukiuzwa unapungua. Fundi wa mfumo anasema programu hiyohiyo ina sehemu ya ghala la kisasa ambayo hatujawahi kuiwasha: kila bidhaa kuwa na mahali pake, kuskani bakodi, kufuata tarehe za mzigo, na mfumo wenyewe kumwambia kijana akachukue wapi. Tulijaribu kuiwasha Novemba ikakataa, ikasema kuna stoki na kuna hasi, yaani bidhaa zilizoandikwa chini ya sifuri. Sasa fundi anashauri tufute yote tuanze upya. Stoo imejaa na hatuwezi kufunga duka. Anayetunza stoo ni baba mdogo wa mume wangu, ana miaka 11 pale, na hataki hata kusikia habari hii. Tuanzie wapi?

JIBU: Dada, kwanza msifute chochote. Fundi namwelewa. Kwake kufuta ni kupata ukurasa mweupe, kazi ya siku mbili, anaondoka. Kwenu ni kupoteza miaka ya bei za manunuzi, nani alichukua nini, mwezi gani mabati yanatoka na mwezi gani yanalala. Tena sheria inawataka mtunze kumbukumbu za biashara kwa miaka 5. Siku ofisa wa TRA akitaka kulinganisha risiti za EFD na stoki, "tulifuta tukaanza upya" si maneno ya kumwambia.

Mpe fundi kazi nyingine ambayo ni ya maana zaidi: atengeneze nakala ya mfumo mzima pembeni, na huko akajaribu kuwasha, akwame, ajaribu tena. Mifumo mingi, ikishaanza kuandika stoki kwa bini, yaani kwa mahali inapokaa, haina mlango wa kurudi nyuma. Afadhali makosa ya mwanzo yafanyike kwenye nakala, si kwenye duka linalouza.

Sasa kwa nini ilikataa. Programu yenu mpaka leo inatunza namba moja kwa kila bidhaa. Saruji, mifuko 640. Basi. Haijawahi kuuliza hiyo mifuko iko wapi, wala haikuwa na haja, maana anayejua iko wapi ni baba mdogo. Ukiwasha ghala la kisasa, swali linabadilika: hiyo 640 iko bini gani? Bini ni jina la watengeneza programu kwa mahali popote penye anwani, iwe rafu, pembe ya sakafu au rundo la mifuko. Jibu hilo hamjawahi kuupa mfumo, kwa hiyo unagoma.

Kugoma kwenyewe kunatofautiana. Business Central ya Microsoft haikubali uwashe bini kwa kubofya tu kwenye ghala ambalo tayari lina stoki. Inakupitisha kwenye kazi maalumu inayobeba stoki yote na kuiandika kwenye bini moja utakayoitaja, na kabla ya hapo inadai hasi zote ziwe zimeondolewa. Odoo ni mpole zaidi: unawasha, stoki inabaki kwenye eneo kuu la ghala, halafu unaihamisha kidogo kidogo kwenda kwenye maeneo madogo yaliyo ndani yake. Hukutaja yenu ni ipi, lakini njia ya kupita ni moja. Stoki yote inaingia kwanza kwenye bini moja ya kubuni, kisha inatoka humo kwenda mahali pake pa kweli kadiri mnavyohesabu. Mimi hiyo bini naiita MUDA.

Tuseme mfumo una mifuko 640 ndani ya MUDA. Mnahesabu rundo la kwanza, 400, mnaliandikia anwani yake. La pili 225, vilevile. Ndani ya MUDA inabaki 15. Hiyo 15 ndiyo mifuko ambayo mfumo unasema mnayo na ninyi hamjaiona. Ingekuwa kinyume, mmekuta mingi kuliko ilivyoandikwa, MUDA ingeshuka chini ya sifuri au mfumo ungewazuia, na hapo mngejua kuna mzigo ulioingia bila karatasi. Tofauti zote za stoo zinakusanyika sehemu moja, mnaziona kwa jicho moja. Na wakati huo mauzo yanaendelea: koki ambayo haijahesabiwa inauzwa kutoka MUDA, hakuna anayefunga duka.

Lakini hamfiki huko kabla ya kumaliza hasi, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Njia ya mkato mnaijua. Koki iko hasi 14, andika marekebisho ongeza 14, imekuwa sifuri, twende mbele. Usifanye hivyo kabla hujajua imekuwaje ikawa hasi. Rafu haiwezi kuwa na koki pungufu ya sifuri. Hasi ni mfumo unakuambia kuna mahali mnaandika vibaya, na msipopajua mtaendelea kuandika vibaya hata baada ya kuwasha bini, ila sasa vibaya kwa anwani. Kuna na suala la faida. Bidhaa ikiuzwa ikiwa hasi, mfumo hauna bei ya kweli ya manunuzi ya kile kipande, kwa hiyo unakisia. Ukija kurekebisha, faida ya miezi iliyopita inaweza kucheza, na mhasibu wenu atawauliza kulikoni.

Chapeni orodha ya hasi zote. Kaeni mezani watatu: wewe, baba mdogo, na anayeandika kwenye kompyuta. Zipiteni moja moja. Nimekaa meza za namna hiyo mara nyingi, na sababu huwa hazina ugeni. Mzigo uliuzwa juu ya Fuso kabla haujaandikwa kuingia, na karatasi ya kuingia ikasahaulika. Au bati la geji 30 limeuzwa kwa jina la geji 28. Hapo ukiona mmoja yuko hasi, tafuta ndugu yake mwenye ziada isiyoeleweka, utamkuta. Au mwenye mali mwenyewe alipakia mifuko 20 kwenye kirikuu kwenda kwenye nyumba yake inayojengwa, akasema nitaandika kesho. Samahani dada, lakini hili la mwisho nalikuta kwa wamiliki kuliko kwa vijana wa stoo.

Kisha kuna vipimo, ambavyo kwenye vifaa vya ujenzi ni ugonjwa wa kudumu. Misumari inanunuliwa kwa katoni, inauzwa kwa kilo. Siku moja mtu anapokea katoni 40 za kilo 25, yaani kilo 1,000, anaandika "40" mahali ambapo mfumo unasoma kilo. Mwezi ukiisha mmeuza kilo 610, na mfumo unalia hasi 570 wakati stoo ina kilo 390 zimekaa. Hapo hakuna mwizi. Ukiandika marekebisho ya kuongeza 570 umeificha katoni, na wiki ijayo anaandika "40" tena.

Nondo ndiyo mbaya zaidi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 kwa hesabu ya kitabuni ina kilo 10.66 hivi. Mafundi wanaotaka kujua wanachukua kipenyo, wanakizidisha kwa chenyewe, wanagawa kwa 162, wanapata kilo kwa mita: 144 gawanya kwa 162 ni 0.889. Kwa hesabu hiyo tani moja inatoa vipande 94. Ya milimita 10 inatoa 135, ya milimita 16 haifiki hata 53. Sasa mnanunua kwa tani, mnauza kwa pisi, na ofisini mtu anapokea tani 5 za milimita 12 kwa kuzidisha: 470. Nondo zikiwa nyepesi kidogo kuliko kitabu, na mara nyingi huwa, stoo imepokea vipande 480 na kitu. Baba mdogo anajua, maana amezihesabu zikishuka. Mfumo haujui. Baada ya mizigo sita mna hasi ya nondo 60 na hakuna aliyekosea kwa makusudi.

Dawa ni kuamua sasa, kabla ya kuwasha, kipimo cha msingi cha kila bidhaa, na kiwe kile mnachohesabia kwa mkono ndani ya stoo. Nondo ni pisi. Tani ibaki kwenye karatasi ya manunuzi tu, na idadi inayoingia kwenye mfumo iwe ile iliyohesabiwa mlangoni. Misumari ni kilo, katoni iandikwe kama kipimo cha pili chenye kilo 25 ndani yake. Rangi ni kopo kwa ukubwa wake. Ndoo ya lita 20 na galoni ya lita 4 ni bidhaa mbili, msijaribu kuzifanya moja kwa lita, hakuna anayekuja kununua lita 7. Mtagundua kwamba mifumo mingi haikubali ubadilishe kipimo cha msingi cha bidhaa ambayo tayari ina historia. Wala msihangaike nayo. Fungueni namba mpya ya bidhaa, hamishieni salio huko, ya zamani ifungeni isiuzwe. Historia yake inabaki mahali pake.

Karatasi zilizo njiani nazipita haraka: oda zilizotolewa nusu, mapokezi yaliyofunguliwa hayakufungwa, uhamisho kutoka dukani kwenda stoo ambao umeandikwa upande mmoja. Zote zifungwe au zifutwe kabla ya siku ya kuwasha. Mtashangaa kukuta oda ya 2022.

Kuna jambo moja ambalo hukulitaja na najua mnalo, kwa sababu kila duka la jumla Mwanza linalo. Mzigo wa watu. Mteja wa Ukerewe anakuja Jumatatu, analipa, anapewa risiti, anasema mnitunzie, boti yangu ni Alhamisi. Kwenye mfumo mali hiyo imeshatoka. Kwenye sakafu bado ipo, na inafanana kabisa na mali yenu.

Nilijifunza hili kwa aibu. Ghala moja la Igogo, miaka kadhaa nyuma, tulihesabu vizuri, timu mbili, karatasi safi. Tukakuta mabati 120 ya ziada. Nikafurahi, nikaandika ongezeko la 120, mfumo ukayaona, Jumanne yakauzwa kwa mtu wa Magu. Alhamisi alfajiri yule bwana wa Nansio akafika na risiti yake mkononi na kijana wa mkokoteni nyuma yake. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza. Boti ilimwacha, na mwenye duka alinunua mabati 120 kwa jirani kwa bei ya rejareja.

Kwa hiyo wiki moja kabla ya kuhesabu, tengeni eneo, pakeni mstari wa rangi sakafuni, kila kilicholipiwa na hakijachukuliwa kihamie humo kikiwa na nakala ya risiti imebandikwa juu. Eneo hilo lipeni anwani kwenye mfumo lakini lisiwe la kuuzia. Na kwa siku za usoni, mauzo ya namna hiyo yaandikwe kama uhamisho kwenda eneo hilo, kisha kutoka mteja anapobeba. Huo ndio ukisasa wenye faida kwenu, pengine kuliko hiyo bakodi.

Anwani zenyewe msizifanye za kujionyesha. Nimeona stoo ndogo yenye anwani 900 kwa sababu fundi alitaka kila ubao wa rafu uwe na yake. Vijana walichoka wiki ya pili. Mahali penye bidhaa kubwa, rundo moja ni anwani moja. Nondo, kila ukubwa na kitanda chake. Kwenye vitu vidogo ndipo mgawanye zaidi: elbo, tii, soketi, bolti, vitasa, maana huko ndiko kijana anapoteza robo saa akitafuta. Mstari kwa herufi, safu kwa namba, ngazi kwa namba: B-04-2. Rukeni namba kidogo mnapoanza, 02, 04, 06, ili rafu mpya ikiingia katikati isivuruge zote. Lebo za karatasi kwenye stoo yenye vumbi la saruji hazimalizi mwaka. Pigeni anwani kwa rangi na kibao, halafu bakodi muiweke ndani ya plastiki ngumu.

Na kwenye sehemu ya maelezo ya kila bini, andikeni jina ambalo baba mdogo na vijana wanapaita. Kila stoo ina majina yake. Chini ya ngazi. Mlango wa zamani. Kwa Bibi, kwa sababu kulikuwa na mama aliyeuza chai upande wa pili wa ukuta. B-04-2 ni ya mashine, lakini kijana mgeni atafika haraka akiambiwa majina yote mawili.

Hapo tumefika kwa baba mdogo, na nadhani unaona kwa nini siwezi kumwacha mwisho kama kero ya kuondolewa njiani. Mnachokifanya ni kuhamisha kilicho kichwani mwake kwenda kwenye mfumo. Hakuna mwingine mwenye nacho. Akikataa, mtahesabu mnavyoona na mtaweka vitu mahali pasipo pake, na mfumo utawaelekeza huko kwa uaminifu mkubwa.

Kwa nini anakataa? Sitamsemea, lakini fikiria uko nafasi yake. Miaka 11, kila upungufu ukitokea macho yanamgeukia. Sasa wanakuja vijana na mashine kuhesabu kila kitu, na yeye anajua kuna tofauti, nyingine hata hazikumhusu: zile za kilo na katoni, zile za tani, zile za kirikuu kwenda kwenye nyumba. Hesabu ya kwanza ya ghala la zamani haijawahi kulingana, mahali popote. Anaona kesi inakuja.

Mume wako ndiye aende, wala si ofisini. Aende nyumbani kwake, kwa heshima yake, na amwambie kwa kinywa chake kabla hesabu haijaanza: baba, tofauti zote zilizopo mpaka siku hii ni zetu sote, hakuna atakayeulizwa. Na mlimaanishe. Mkihesabu halafu mkamkata mshahara kwa nondo 30, mmemaliza mradi siku hiyohiyo, na vijana wote wamejifunza kuficha. Kisha mpeni kazi ambayo ni yake peke yake: atembee stoo nzima na kijana mwenye karatasi, aseme hapa panaitwaje, hapa panakaa nini, kwa nini hakikai kule. Atawaambia mambo. Kwamba ukuta wa upande wa ziwa unatoa jasho wakati wa mvua ndiyo maana saruji haisogei pale. Kwamba kofia za mabati ziko karibu na mlango kwa sababu mteja huzisahau akarudi. Ramani yenu ya bini itoke kwenye mdomo huo, si kwenye kompyuta ya fundi.

Siku ya kuwasha chagueni Jumamosi ya Januari, katikati ya mwezi. Januari wateja wenu wako kwenye ada na sare, ujenzi unapumua. Msithubutu kuanzia Juni hadi Agosti, watu wakiwa na hela ya pamba mkononi na kila mtu Kwimba anataka kupaua. Wateja wa Sengerema na Geita waarifuni mapema kwa simu. Zamani foleni ya kivuko iliwapangia ninyi saa za utulivu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, Fuso inaingia saa yoyote, na ikiwakuta katikati ya kuhesabu mtaharibu.

Jumamosi mnafunga mapema, saa tisa. Andikeni ukutani namba ya mwisho ya ankara, ya mwisho ya hati ya kutolea mzigo, na ya mwisho ya mapokezi. Chochote chenye namba ya juu ya hapo ni cha dunia mpya. Bekapu ichukuliwe, na nakala yake iondoke dukani na mtu. Fundi anawasha, stoki yote inaingia MUDA. Jioni ileile na Jumapili baada ya ibada mnahesabu saruji, nondo, mabati na rangi tu, kwa sababu huko ndiko fedha yenu imelala. Vitu vidogo vibaki MUDA, mtavimaliza mstari mmoja kila jioni kwa wiki kadhaa.

Mhesabu wawili wawili, na karatasi ya kuhesabia isiwe na namba ya mfumo. Mtu akiona 640 kwenye karatasi, atahesabu mpaka apate 640. Timu ya pili irudie bila kuona ya kwanza. Nondo ziguseni kichwani kwa rangi kila moja inapohesabiwa. Na kwenye saruji, pandeni juu. Niliwahi kuhesabu rundo nikiwa nimesimama chini: mifuko 8 kwa 6, kimo cha 10, nikaandika 480. Kijana akapanda, akacheka. Katikati kulikuwa na shimo la kutosha mtu kulala. Paa lilivuja msimu uliopita, wakatoa mifuko iliyolowa, pembeni pakabaki pamesimama vizuri kama ukuta. Karatasi na kalamu ziwepo tele, maana umeme ukikatika saa mbili usiku hamtasubiri TANESCO.

Jumatatu mnauza kwa anwani. Na hapo msiwashe kingine chochote.

Skana zije wiki ya tatu au ya nne, vijana wakishazoea anwani kwa macho. Nondo haina bakodi wala mbao hazina, kwa hiyo kwenu kinachoskaniwa ni bini zaidi kuliko bidhaa: kijana anaskani mahali, anaandika idadi. Kamera ya simu inaweza kuanzia, ila kwenye vumbi lile kioo chake kitawatesa. Nunueni vifaa viwili vya mkono vinavyofanya kazi hata mtandao ukipotea na kutuma baadaye.

Kufuata tarehe za mzigo, yaani loti, msiwashe kwa bidhaa zote kwa pupa. Msumari hauna tarehe. Washeni kwa saruji, ambayo ikikaa zaidi ya miezi 3 nguvu yake inashuka na kwenye unyevu wa ziwa huganda hata kabla, kwa rangi, na kwa gundi za mabomba. Hapa mtakutana tena na mgomo uleule wa Novemba: bidhaa yenye stoki isiyo na loti haigeuki hivihivi kuwa ya loti. Kuna mifumo inakataa mpaka salio liwe sifuri, na kuna inayoruhusu lakini inakudai uipe loti kwa marekebisho. Kwa hiyo fanyeni bidhaa moja moja, siku stoki yake imeshuka chini kabisa. Saruji ikibaki mifuko 30 na semi inakuja kesho, hiyo ndiyo siku: toeni 30 kwenye mfumo, washeni loti, zirudisheni zikiwa na tarehe zilipoingia. Ukiifanya ikiwa 640 utaandika tarehe za kukisia, na saruji ya zamani itajificha nyuma ya tarehe mpya.

Ile ya mfumo kumwelekeza kijana njia na kuchagua wapi pa kuweka kila mzigo, mimi ningewaambia acheni. Ili ifanye kazi inadai kila bidhaa iwe na vipimo vyake na uzito, kila bini iwe na ujazo wake, na mtu wa kuvirekebisha kila rafu ikihamishwa. Ghala lenye watu 30 na zamu mbili linarudishiwa gharama hiyo. Kama vijana mlio nao ni wanne hivi, pamoja na baba mdogo, karatasi ya kuchukulia mzigo iliyopangwa kwa mpangilio wa anwani inatosha kabisa. Viwango vya kuagiza tena navyo subirini miezi mitatu, mpaka mfumo uwe na mauzo yaliyoandikwa kwa vipimo sahihi. Ukiwasha leo utawaagizia misumari kwa hesabu ya katoni na kilo zilizochanganyika.

Kila Ijumaa jioni fungueni MUDA muione. Wiki ya kwanza itakuwa na mamia ya bidhaa, ya pili itapungua. Ikifika wiki ya sita bado ina vitu, vichapeni na mpeni baba mdogo karatasi kabla hamjaandika upotevu wowote. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, mzee wa stoo alisoma orodha, akasimama, akaenda nyuma ya matangi ya maji, akarudi na boksi tatu za vitasa.